Alindaye Kambi Alinde na Jokofu la Zahanati

Kila askari aliyepita depo anajua kwamba risasi iliyolowa maji si ya kuaminiwa. Hufundishwa jambo hilo siku za mwanzo kabisa, kabla hajaruhusiwa kushika silaha akiwa peke yake, na akilisahau huadhibiwa. Lakini ni askari wangapi, na ni maofisa wangapi, wanaojua kwamba katika zahanati ya kikosi chao mna kichupa kidogo cha dawa ambacho kikikaa katika joto hupoteza nguvu zake, na kwamba saa ya kuhitajiwa kwake ikifika hapana muda wa kwenda kutafuta kingine?

Dawa hiyo huitwa oksitosini. Mama hupewa mara tu baada ya kujifungua, ili mji wa mimba ujikaze na damu ikome. Leo napenda kuwaeleza wenzangu wa jeshi na wa polisi jinsi dawa hiyo ilivyopatikana, kwani naamini kwamba mtu hulinda vema zaidi mali ambayo anajua iligharimu nini.

Nina sababu yangu ya kulisemea jambo hili. Nilipokuwa luteni mpya, nimetoka chuo cha maofisa miezi michache tu, nilipelekwa katika kituo kimoja cha mbali. Usiku mmoja mke wa sajini wetu alijifungua mtoto wa kiume salama, kisha damu ikaanza kutoka isikome. Mganga wa kikosi alimchoma sindano, akamchoma na ya pili, hapakuwa na badiliko. Dawa ile ilikuwa imekaa wiki nyingi ndani ya sanduku la bati, kando ya ukuta unaopigwa na jua la alasiri, kwa sababu jokofu la zahanati lilikuwa limehamishiwa mesi ili kupoza vinywaji. Aliyemwokoa mama yule ni mkunga mzee wa kijiji jirani, ambaye aliukandamiza na kuukanda mji wa mimba kwa mikono yake, bila kupumzika, mpaka lori letu lilipofika hospitali alfajiri.

Mama aliishi. Asubuhi yake sajini alinipigia saluti kama kawaida, na mimi niliona haya kuipokea, kwani hati ya kuhamisha jokofu lile ilikuwa na saini yangu.

KIJANA WA CHICAGO

Oksitosini tunayoitumia leo ina deni kubwa kwa mtu mmoja, Vincent du Vigneaud, mtaalamu wa biokemia wa Marekani, aliyezaliwa mjini Chicago tarehe 18 Mei, 1901. Mwaka 1918, Vita Vikuu vya Kwanza vilipokuwa vimewachukua vijana wengi wa mashambani, yeye akiwa mwanafunzi wa sekondari alikwenda kufanya kazi ya shamba katika jimbo la Illinois, na kwa muda alidhani kuwa ukulima ndio ungekuwa maisha yake. Baadaye akaingia Chuo Kikuu cha Illinois kusoma kemia.

Huko ndiko alikosikia habari iliyoelekeza maisha yake. Mwalimu wake, W. C. Rose, aliwasimulia wanafunzi juu ya insulini, dawa ya ugonjwa wa kisukari iliyovumbuliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921. Yafaa askari wajue kwamba mmoja wa viongozi wa uvumbuzi huo, Frederick Banting, alikuwa daktari wa jeshi la Kanada, aliyejeruhiwa karibu na Cambrai, Ufaransa, mwaka 1918 akiwa katika kazi ya kuwahudumia majeruhi, akatunukiwa nishani ya ushujaa. Basi njia ya dawa hizi tangu mwanzo imepita katika kambi za wanajeshi.

Kijana du Vigneaud alivutwa hasa na jambo moja, kwamba ndani ya insulini mna salfa, kitu kile kile cha manjano kinachotiwa katika baruti. Imekaaje salfa ndani ya dawa inayookoa maisha, na ina kazi gani? Swali hilo alilishika, hakuliachia tena. Alipata shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Rochester mwaka 1927 kwa kuichunguza salfa ya insulini. Akaenda kwa mzee John Jacob Abel huko Baltimore, kisha akavuka bahari kujifunza katika maabara za Dresden, Edinburgh na London. Mwaka 1932 alipewa idara katika chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha George Washington, na mwaka 1938 akahamia chuo cha udaktari cha Cornell mjini New York.

Alipoandika kitabu juu ya kazi yake mwaka 1952, alikipa jina lenye maana ya njia ya kufuata nyayo katika utafiti. Askari wa doria atalielewa jina hilo. Mfuata nyayo hajui atafika wapi. Hutazama jani lililokanyagwa, akasogea, akatazama jingine. Kwa kufuata nyayo za salfa mtaalamu huyu aligundua pamoja na wenzake kitu kiitwacho homosisteini mwaka 1932, akafafanua umbo la vitamini iitwayo biotini mwaka 1942, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili akaingia katika jitihada ya kuitengeneza penisilini, ambayo nayo ina salfa. Lakini nyayo zilizomfikisha mbali kuliko zote zilikuwa zile za tezi ndogo iliyo chini ya ubongo.

MSTARI WA ASKARI TISA

Tezi hiyo haizidi ukubwa wa harage. Mwaka 1906 mtaalamu wa Uingereza, Henry Dale, alikuwa ameonyesha kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka sehemu ya nyuma ya tezi hiyo huukaza mji wa mimba wa mnyama. Madaktari wakaanza kuyatumia kwa wazazi. Lakini maji hayo yalikuwa mchanganyiko. Ndani yake mlikuwamo pia kitu kingine, vasopresini, kinachoweza kupandisha shinikizo la damu. Mwaka 1928 watafiti wa Marekani waliweza kuvitenga viwili hivyo kwa kiasi, ila hakuna aliyejua kila kimoja kimejengwa kwa nini.

Hapa hapana budi nieleze kidogo. Protini za mwili hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi za amino, navyo ni vya aina zipatazo ishirini. Vipande hushikana bega kwa bega kama askari waliojipanga. Mstari ukiwa mfupi huitwa peptidi, ukiwa mrefu na kujikunja huitwa protini. Kila askari ana nafasi yake katika mstari, na ukibadilisha nafasi ya mmoja, gwaride zima laweza kuharibika.

Du Vigneaud alianza kuichunguza tezi hiyo mwaka 1932. Kazi ilikatizwa na vita, ikarudiwa baada yake. Tezi zililetwa kutoka machinjioni, za ng'ombe na za nguruwe, na kilichomo ndani yake kilikuwa haba mno. Ili kukisafisha, mchanganyiko ulitikiswa kati ya vimiminiko viwili visivyochanganyika, ukatengwa, ukatikiswa tena, mara nyingi sana, kwa njia iliyobuniwa na Lyman Craig wa New York. Walipopata kitu safi, wakakivunja vipande vipande, kama fundi wa silaha afunguavyo bunduki asiyoijua, ili kuona kipi kimefuatana na kipi.

Mwaka 1953 mstari ulijulikana wote. Oksitosini ni askari tisa tu. Sita wamefanya duara, na duara hilo limefungwa kwa kufuli ya salfa mbili zilizoshikana, na watatu wanaobaki hutokeza kama mkia. Mwaka huo huo Hans Tuppy, aliyekuwa Vienna, alifikia jibu lile lile kwa njia yake.

Wengine wangepumzika hapo. Lakini mchoro wa ramani si nchi yenyewe. Uthibitisho wa kweli ulikuwa kuijenga oksitosini upya, kuanzia asidi za amino zenyewe, bila tezi ya mnyama yeyote, na kuona kama itafanya kazi. Du Vigneaud na wenzake watano, ambao ni Charlotte Ressler, John Swan, Carleton Roberts, Panayotis Katsoyannis na Samuel Gordon, waliviunga vipande kimoja baada ya kingine, wakiziba kila mkono wa kipande usiotakiwa kushika kitu mpaka zamu yake ifike, na mwisho wakaifunga ile kufuli ya salfa. Dawa yao ilipojaribiwa kwa wanyama, na kisha kwa wazazi katika hospitali, haikuonyesha tofauti na ile ya asili. Iliukaza mji wa mimba, na ilishusha maziwa ya mama anayenyonyesha.

Hiyo ndiyo homoni ya kwanza ya aina ya peptidi kutengenezwa kwa mkono wa binadamu. Mwaka 1955 du Vigneaud alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Alifariki tarehe 11 Desemba, 1978, na tangu siku za kazi yake dawa ya mama mzazi imeweza kutengenezwa kiwandani, safi, bila kuitegemea tezi ya ng'ombe wala kumchanganyia mgonjwa kitu asichokihitaji.

KWA NINI DAKIKA ZIHESABIWE

Mimba inapokomaa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita katika mji wa mimba kila dakika. Kondo la nyuma linapobanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi. Mungu ameweka kinga yake. Nyuzi za misuli ya mji wa mimba zimeizunguka mishipa hiyo, na zikijikaza huibana kama kamba inavyobana mdomo wa gunia. Oksitosini ndiyo amri inayoziambia nyuzi hizo zijikaze. Hata mtoto anaponyonya, habari hupanda kwa neva hadi kwenye ubongo, na tezi ikaimwaga amri hiyo katika damu. Ndiyo maana wakunga humweka mtoto kifuani mapema.

Amri isipofika, au misuli ikichoka isiitike, mama aweza kupoteza maisha kabla ya dereva kupata ufunguo wa gari. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba wanawake wapatao milioni 14 hupatwa na kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua kila mwaka, na wapatao 70,000 hufa kwa sababu hiyo. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea katika nchi zisizo tajiri. Kwa hiyo shirika hilo hushauri kila mzazi apewe kinga ya damu mara mtoto anapozaliwa, na dawa inayotangulia katika orodha ni oksitosini, vipimo 10.

Lakini ile kufuli ya salfa na ule mstari wa askari tisa si chuma. Joto huvivunja polepole. Dawa hii hutakiwa ikae katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikiachwa katika joto kwa muda mrefu, haibadiliki rangi wala haitoi harufu. Hubaki maji maangavu ndani ya kichupa chake, na mganga huivuta katika sindano kwa imani yote. Adui wa namna hii ni mbaya kuliko yule anayeonekana. Risasi yenye kutu utaiona, dawa iliyokufa huioni.

CHAI YA KASAI

Ipo habari nyingine inayotuhusu sisi wa Afrika ya Kati na Mashariki, na haijulikani kama inavyostahili. Katika miaka ya 1960, wakati wa machafuko ya Kongo, daktari mmoja wa Norwe, Lorents Gran, aliyekuja kuhudumu pamoja na Msalaba Mwekundu, aliona kwamba wanawake wa Kilulua, watu wa Kasai, walikunywa chai ya majani fulani ili kuharakisha uzazi. Wenyewe waliuita mmea huo kalata-kalata. Gran hakuwacheka. Alichukua mmea, akauchunguza, na katika miaka ya 1970 akatangaza kuwa nguvu yake imo ndani ya peptidi, ndugu wa mbali wa kazi ile ile ya oksitosini, ikapewa jina la kalata B1.

Ilichukua miaka mingi kulijua umbo lake. Mwaka 1995 watafiti, akiwamo David Craik wa Australia, walionyesha kwamba ni asidi za amino 29 zilizoungana kichwa kwa mkia bila mwanzo wala mwisho, na ndani yake mna kufuli tatu za salfa zilizopitana kama fundo. Ndiyo sababu akina mama wa Kasai waliweza kuichemsha katika chungu isiharibike. Oksitosini ya kiwandani huteketea kwa joto la sanduku la bati, na peptidi ya msituni hustahimili maji yanayochemka.

Sisemi hata kidogo kwamba wazazi wapewe chai hiyo. Kitu kinachoukaza mji wa mimba kabla ya wakati, bila kipimo, chaweza kuupasua, au kumkosesha mtoto pumzi, na hilo ni kweli kwa mitishamba na ni kweli kwa oksitosini yenyewe ikishikwa na mtu asiyefunzwa. Ninalosema ni kwamba maarifa hayana kabila wala cheo. Profesa wa New York na bibi wa Kasai walikuwa wakigonga mlango mmoja, na daktari wa vitani aliyekuwa na masikio ya kusikiliza ndiye aliyeleta habari ya mmoja kwa mwenzake.

WATAKAOPINGA

Najua wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya madaktari na ya wanawake, na kwamba ofisa ana kazi nyingine. Nawajibu kwa heshima. Nani hugawa mafuta ya jenereta kambini? Nani huamua gari lipi litoke usiku? Nani hutia saini hati ya kuhamisha vifaa? Si daktari. Mganga wa kikosi aweza kuwa hodari kupindukia, lakini ikiwa umeme wa zahanati hukatwa saa nne usiku ili kubana matumizi, uhodari wake umekatwa pamoja nao.

Wengine watasema kwamba sasa ipo dawa mpya isiyohitaji jokofu. Ni kweli. Wataalamu waliendeleza kazi ya du Vigneaud kwa kubadilisha kipande kimoja baada ya kingine katika ule mstari, na mojawapo ya matunda yake ni karbetosini, ambayo ndani yake salfa moja ya kufuli imeondolewa na kuwekwa kiungo kingine. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililohusisha wanawake karibu 30,000 katika nchi kumi, Kenya na Uganda zikiwamo, yakaonyesha kuwa karbetosini iliyotengenezwa ili kuvumilia joto hukinga damu sawa na oksitosini, na huweza kukaa katika nyuzi 30 bila kuharibika. Dawa hiyo yafaa sana kwa vituo vya mpakani, na viongozi wetu wa tiba hawana budi kuiomba. Lakini hiyo ni dawa ya kukinga. Haitumiki kuanzisha uchungu, wala si badala ya oksitosini pale damu inapokwisha kuanza kumwagika. Jokofu bado lina kazi, tena si kwa dawa hii peke yake, bali na kwa chanjo za watoto wetu.

WAJIBU WETU

Basi nashauri mambo machache, na yote yamo katika uwezo wa kikosi cha kawaida. Kwanza, kipimajoto cha jokofu la zahanati kisomwe asubuhi na jioni na kuandikwa katika daftari, na ofisa wa zamu atie saini yake hapo kama anavyotia katika daftari la bohari ya silaha. Pili, jokofu la dawa lisiwekwe soda wala nyama, na lisihamishwe kwa amri ya mtu mmoja. Tatu, dawa isafiri ndani ya kasha la barafu, na anayeipokea aandike saa aliyoipokea. Nne, kila familia yenye mama mjamzito ijulikane kwa mganga, ili gari na dereva wapangwe mapema.

Kwa ndugu zetu wa polisi ninalo ombi la pekee. Kwenye kizuizi cha barabarani usiku, gari lenye mzazi lisicheleweshwe kwa maswali ya leseni na taa. Mulika tochi, ona, ruhusu, na ikiwezekana piga simu ya mbele ili kizuizi kinachofuata kiwe wazi. Nusu saa iliyopotea pale haiwezi kurudishwa na daktari yeyote.

Tena tusiridhike na sindano pekee. Mwaka 2023 utafiti mkubwa uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini ulionyesha kwamba wakunga wakiipima damu kwa mfuko maalumu wenye alama, badala ya kuikadiria kwa macho, na wakifanya kwa pamoja yale yanayotakiwa, yaani kukanda mji wa mimba, kutoa dawa, kuweka maji ya mshipa na kuchunguza chanzo, hatari ya damu kumwagika kupita kiasi, ya mama kupasuliwa au kufa kwa ajili yake, hupungua kwa asilimia 60. Yule mkunga mzee wa usiku ule alikuwa anaijua sehemu ya elimu hiyo kwa mikono yake. Vikosi vyetu viwe na watu wanaoijua yote.

Mtaalamu wa New York alihitaji miaka zaidi ya ishirini kutoka tezi ya ng'ombe hadi kichupa cha dawa. Alikosea, akarudia, akakatizwa na vita, akaanza upya. Sisi hatuombwi hata sehemu ndogo ya subira hiyo. Tunaombwa kuufunga mlango wa jokofu, kuusoma mshale wa kipimajoto, na kuandika tulichokiona.

Mtoto yule wa sajini sasa ni mwanafunzi wa shule. Kila ninapokagua kituo, kabla ya ghala la silaha, hupita kwanza zahanati nikaomba kulifungua jokofu. Wengine hucheka chini chini wakisema afande ana kiu. Nawaacha wacheke.